Mlango una Upande wa Nje

Punta Arenas, mwanzo wa Machi.
Upepo unazing'oa kofia na kuzipeleka usikokujua.
Mjini wamefunga kamba kandokando ya njia
ili wapitao washike, wasipeperuke.
Nimezishika miaka ishirini na sita nikienda kufundisha kulehemu,
wala sikuwaza kwamba darasani nako
mtu huhitaji kitu cha kushika.

Mwaka huu chuo kilituita wiki moja kabla ya masomo,
walimu na wanafunzi, chumba kimoja, birika moja la kahawa.
Bi Ludmila Marusic wa ofisi ya mafunzo
ana kalamu za rangi nne na sauti ya muuguzi.
“Tunajiandaa,” alisema, “kukaa pamoja.”
Nikachekea puani. Kukaa kunataka maandalizi gani?
Kiti ni kiti. Ajuaye aseme, asiyejua asikie.

Akatugeuza: mwanafunzi awe mwalimu, mwalimu awe mwanafunzi.
Kikaratasi changu kilisema:
Umechelewa. Usiseme mpaka uulizwe.
Nikatoka, nikahesabu hadi sitini
kwenye ujia unaonuka rangi mbichi na makoti ya mvua,
mtu mzima wa miaka hamsini na minane,
na moyo, niseme kweli, ulinidunda.

Nikafungua.
Penye ubao alisimama Nayadet Mansilla, mwaka wa pili,
ambaye mama yake hubambua kaa kiwandani, ng'ambo, Porvenir;
yule wa kando ya dirisha, asiyenyosha mkono.
Hakupaza sauti. Akatazama saa,
akatazama viatu vyangu,
akatazama tena saa.
“Mlango huo una upande wa nje pia.”

Chumba kikaangua kicheko.
Nami nikacheka, nikachelewa kidogo,
maana sentensi ile niliijua.
Niliizaa mimi. Nimeilea miaka ishirini na sita
nikiiita mzaha, nikiiita nidhamu,
na sasa imerudi nyumbani imekua,
imevaa sauti ya msichana,
hainitambui.

Mkono wangu ukatafuta kitu,
ukapata mgongo wa kiti, ukaushika.

“Basi liliharibika,” nikasema.
“Sikukuuliza,” akajibu Nayadet, kisha uso ukamshinda.
“Samahani, mwalimu Oyarzo. Ndivyo unavyosema.
Siku ile kivuko kilikwama kwa upepo.
Nilikaa nje mpaka mwisho wa kipindi.
Niliwasikia mkifundishana kupoza chuma.”

Bi Ludmila alifungua kalamu ya kijani,
akaifunga bila kuandika.

Somo hilo nalikumbuka. Kila mwaka nalisema:
chuma cha moto usikimwagie maji, kitapasuka,
kiache kipoe kwa wakati wake.
Nasema hivyo, ndoo nimeishika.

Baada ya chai wakaja wengine. Baltazar, bingwa wa kulala,
alipewa ubao, na sisi walimu tukapewa simu.
Akahutubia vipara vyetu.
Dakika ya nne akaweka chaki chini:
“Mnavumiliaje?” Hakuwa anaigiza tena.
Hakuna aliyemjibu. Mmoja wetu, wa hesabu,
alikuwa anasoma ujumbe wa kweli.

Tukaandika kanuni, tukagombana hadi mchana:
kofia, simu, nani anywe mate saa ngapi.
Ya simu haikwisha. Haijaisha mpaka leo.

Jumatatu, saa mbili na dakika saba,
mlango ukafunguka. Kijana mgeni, nywele zimesimama,
mdomo wazi tayari kujieleza.
Sentensi ilinijia ulimini, ya moto, imeiva.
Dirishani Nayadet hakuniangalia.
Alitazama daftari lake kwa bidii mno.

“Ingia,” nikasema. “Tuko ukurasa wa tisa.”

Akaingia. Akauacha mlango wazi.
Upepo ukazoa karatasi zangu zote, na kanuni zetu
zilizobandikwa kwa gundi ya ofisi.
Nilimeza maneno saba, nayahesabu.
La nane lilikuwa: “Funga.”
Baadaye kidogo, kwa shida,
nikaliongezea “tafadhali.”